Honda ya Ami: Mazungumzo juu ya Mashine Iliyokataa Kuwaka



Kamati imenitaka nizungumze kwa muda usiozidi nusu saa juu ya ile pikipiki ya marehemu ami yetu, kwa sababu katika mkutano wetu uliopita wengi mliondoka hapa mkiamini kwamba imekwisha, na wako waliokwisha kutaja bei ya chuma chakavu. Nimeikubali kazi hii kwa moyo mzito kidogo, na sababu ya uzito huo nitaieleza mbele. Kwa wale wasiokuwa na hamu na mambo ya spana, naomba mnivumilie. Chakula hakijaiva bado.

Mashine yenyewe ni Honda C70 ya mwaka 1976, ambayo ami aliinunua mkono wa pili mwaka 1981. Ni wa ukoo ule wa Super Cub ulioanza kutengenezwa Japani mwaka 1958, chini ya Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa, na ambao kufikia Oktoba 2017 ulikuwa umetimiza mashine milioni 100. Silinda yake ni moja, imelala karibu sawa na ardhi. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 72. Klachi yake hujiendesha yenyewe, haina mkono wa kubana. Babu yetu kule nyumbani kila pikipiki aliiita honda, hata iwe imeandikwa Yamaha ubavuni, na ami alipoipata hii huku Uingereza alifurahi kwamba angalau safari hii jina limeangukia penyewe. Kwa miaka thelathini ilimpeleka kazini zamu ya usiku na kumrudisha alfajiri, mvua na barafu.

Mashine ya namna hii isipowaka, mtu hukumbwa na haraka. Hupiga kiki mpaka muundi wa mguu ukavimba, kisha hununua kitu. Mkutano uliopita vijana wetu walifanya yote mawili. Walipiga kiki kwa zamu, wakapuliza ile dawa ya kopo ya kuwashia injini katika mdomo wa hewa, na hakuna aliyeifungua plagi, kwani katika watu sitini waliohudhuria hapakuwa na hata mmoja mwenye spana ya plagi. Baadaye wakachangishana, wakaagiza betri mpya na koili mpya kwa njia ya mtandao. Siwalaumu, nia yao ilikuwa njema. Lakini C70 ya miaka ile haihitaji betri ili iwake. Umeme wa plagi huzalishwa na injini yenyewe: ndani ya lile gurudumu zito la flaiwili mna sumaku, na gurudumu linapozunguka sumaku hizo huamsha umeme katika koili zilizo nyuma yake. Betri ni ya honi na taa za kuonyesha upande. Kwa hiyo fedha zile zilinunua honi.

Injini ya petroli haitaki mambo mengi. Yataka mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kadiri. Yataka cheche, na cheche hiyo ije kwa wakati wake. Tena yataka mgandamizo, au kama mafundi wasemavyo, kompresheni, yaani ule mchanganyiko ubanwe barabara kabla ya kuchomwa. Likikosekana moja katika hayo, mengine mawili hayafai kitu. Mtu akiwa na mashine isiyowaka hana haja ya kukisia; aulize hayo matatu, moja baada ya jingine, na asiruke.

Mimi na wapwa zangu wawili tulianza kazi mwezi wa Aprili, katika banda la nyuma ya nyumba ya Bi Mkubwa wetu, mlango ukiwa wazi. Nasisitiza mlango kuwa wazi, na sigara kubaki nje: mvuke wa petroli hauonekani lakini huwaka upesi, na moshi wa injini katika chumba kilichofungwa huua bila ya kunusika.

Shahidi wa kwanza ni plagi. Ifungue, uitazame. Ikiwa kavu baada ya kiki kumi, mafuta hayafiki. Ikiwa mbichi na yanuka petroli, mafuta yanafika na kosa liko kwingine. Ikiwa imejaa masizi meusi makavu, injini imekuwa ikinyweshwa mafuta kupita kiasi au haivuti hewa ya kutosha.

Ya ami ilikuwa kavu. Lakini kabla ya kuisoma tuliona jambo lililotunyamazisha, na nitalirudia. Plagi ile haikuwa imekazwa. Ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu, na nyuzi zake zilikuwa na oili nzito ya zamani.

Basi, mafuta. Tukafungua tanki lililo chini ya kiti, na harufu iliyotoka haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya vanishi ya mbao. Petroli ikikaa miezi mingi hupoteza ile sehemu yake nyepesi ambayo ndiyo huwa mvuke upesi injini ikiwa baridi; kinachobaki hakitaki kushika moto, na kikizidi kukaa hugeuka ulimbo. Ya ami ilikuwa imekaa zaidi ya miaka kumi. Tuliimwaga katika dumu na kuipeleka mahali panapopokewa taka za namna hiyo. Tulifungua pia kile kikombe kidogo chini ya koki, chenye chujio ndani yake, na tukakuta kutu na tone la maji. Watu wengi wenye Honda hizi hawajui kama kikombe hicho kipo.

Kabureta tuliishusha mezani. Bakuli lake lilikuwa na utando wa manjano na kijani, na floti imeganda. Ndani mna jeti mbili, na mwenye makosa aghalabu ni ile ndogo, kwa sababu tundu lake ni jembamba kama unywele, nayo ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwasha na wakati wa kunguruma polepole. Usiichokoe kwa waya wa chuma. Utalipanua tundu, na kosa hilo halirudi nyuma. Iloweke katika dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa hewa ya pampu, kisha iinue kuelekea dirishani. Ukiona mwanga duara, imepona. Mpwa wangu mdogo, ambaye ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyeuona mwanga huo, kwani macho yangu hayawezi tena kazi hiyo.

Niongeze neno moja hapa kwa wenye mashine za zamani katika nchi hii. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10, yaani ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na huzidhoofisha mpira na gundi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa mashine ya 1976 tia ile ya daraja la juu, E5, nayo usiilaze humo majira yote ya baridi. Mipira ya petroli tuliibadilisha yote. Ilikuwa imekauka ikikatika kama biskuti.

Tukarudisha kabureta, tukatia mafuta mapya, tukapiga kiki kumi. Plagi ikatoka mbichi. Swali la kwanza limejibiwa, injini haikuwaka.

Cheche hutazamwa hivi. Plagi huchomekwa katika kofia yake, na mwili wake wa chuma huegemezwa juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na tundu lake, ili mvuke unaotoka usishike moto. Usiishike kwa mkono. Umeme ule hauui mtu mzima mwenye afya, lakini utamfanya atamke maneno yasiyofaa mbele ya watoto. Banda liwe na kivuli. Mmoja apige kiki, mwingine atazame. Cheche njema ni ya buluu na ina sauti. Cheche ya manjano, nyembamba, ni dhaifu.

Sisi hatukuona kitu. Tulitia plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.6, hatukuona kitu. Tulikata ncha ya waya mnene unaokwenda kwenye kofia, tukaifunga upya katika shaba safi: hatukuona kitu. Tukauchomoa waya wa swichi, maana katika mashine hizi swichi huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye chasisi, na swichi iliyoharibika huweza kuizima daima. Bado giza.

Zikabaki pointi. Ukiondoa kifuniko cha upande wa kushoto utaliona gurudumu la flaiwili, nalo lina dirisha. Ukilizungusha polepole, kupitia dirisha hilo utaona vijichuma viwili vinavyokutana na kuachana; kila vinapoachana, ndipo cheche hutoka. Vikikaa miaka bila ya kufanya kazi huota utando usioonekana, na utando huo watosha kuuzuia umeme wote. Tulipitisha msasa laini mara tatu, kisha kadi safi ya karatasi ili kuondoa vumbi la msasa, kisha tukapima mwanya. Kitabu chataka baina ya milimita 0.3 na 0.4. Wetu ulikuwa mdogo kuliko hapo, tukausawazisha, na tukahakikisha kwamba vinaanza kuachana pale alama ya F iliyo kwenye gurudumu inapofikia alama ya injini. Kazi hiyo ilikula dakika arubaini, na thelathini kati ya hizo zilikuwa za kutafuta skrubu iliyoanguka.

Cheche ikatoka, ya buluu. Ile koili ya zamani haikuwa na kosa lolote. Ile mpya imo katika boksi lake, na mwenye kuihitaji aniambie.

Tukapiga kiki. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Tukapiga tena na tena, ikakohoa tena. Ndipo nilipojua kwamba nimefika mahali nilipokuwa nikipakwepa tangu asubuhi, na hapana budi sasa nieleze.

Mwaka 2011 ami alinipigia simu niende kumtazamia mashine yake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo yangu ya ufundi, na katika ukoo huu nilihesabiwa kuwa mjuzi. Nilifika nikiwa na haraka ya kwenda kwingine. Ami alikuwa amesimama uani na chupa ya chai, akanieleza kwa utaratibu wake. Alisema: zamani ilikuwa ikiwaka kwa kiki moja au mbili, mwaka jana ikawa tatu, tangu Ramadhani ikawa kumi, sasa haiwaki kabisa. Akasema pia: lakini ilipokuwa ikiwaka, haikuwa ikitoa moshi, wala haili oili, mimi huipima kila Ijumaa.

Nilipiga kiki sita. Mguu wangu ulihisi wepesi, haukupata ule ukinzani wa injini yenye nguvu. Nikasema, "Ami, hapana kompresheni. Ringi zimekufa. Kuitengeneza ni ghali kuliko thamani yake." Sikufungua hata plagi. Ami alinitazama, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Akaisukuma bandani mwenyewe, akaifunika shuka. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2017 alikwenda kila mahali kwa basi, na mnakumbuka alivyokuwa akichukia kungoja basi.

Nilikuwa na haki kwa nusu. Kompresheni kweli ilikuwa haba. Lakini mgandamizo hupotea kwa njia nyingi, na ipo namna rahisi ya kuzitenganisha, nayo sikuitumia. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, fungua mafuta mpaka mwisho, mwenzio apige kiki. Injini yenye afya hukisukuma kidole kwa nguvu. Ikiwa haikisukumi, tia kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, piga kiki mara chache ili ienee, kisha pima tena. Nguvu ikirudi, ringi na silinda zimelika, kwa kuwa oili imeziba nafasi yao kwa muda. Nguvu isiporudi, ringi hazina kosa. Hewa inapita katika vali. Laiti ningeanza na kidole changu, siku ile ya 2011 na hata Aprili hii! Hakigharimu senti.

Tulitia kijiko cha oili. Hapakuwa na badiliko lolote.

Juu ya kichwa cha silinda kipo kifuniko kimoja cha duara, na chini yake kipo cha pili; hapo ndipo vali mbili zilipo, ya kuingizia hewa juu na ya kutolea moshi chini. Unazungusha gurudumu mpaka alama ya T ilingane, uhakikishe pistoni iko juu katika mpigo wa kubana, kisha injini ikiwa baridi kabisa unapima nafasi iliyo baina ya roka na mkia wa vali. Nafasi hiyo hupimwa kwa yale majani membamba ya chuma ambayo mafundi huyaita fila. Katika C70 yatakiwa iwe milimita 0.05, kila upande.

Ya juu ilikuwa sawa. Ya chini, jani halikuingia. Roka ilikuwa imeikalia vali, haina hata chembe ya mchezo.

Maana yake ni hii. Kila vali inapofunga hugonga kiti chake, na katika maelfu ya safari hujizamisha ndani yake kidogo kidogo. Kadiri inavyozama, mkia wake hujongea kwenye roka, na nafasi hupungua. Siku inapokwisha, vali haiwezi tena kufunga sawasawa: roka imeizuia. Mchanganyiko unapobanwa huvuja kupitia hapo. Haitokei kwa siku moja. Hutokea vile vile alivyonieleza ami: kiki moja, kisha tatu, kisha kumi. Na kama ringi ndizo zingekuwa zimekufa, oili ingepungua na moshi wa buluu ungeonekana, naye alikwisha kuniambia kwamba hakuna hilo wala lile. Mzee aliyaeleza maradhi yote kwa ulimi wake, na mimi niliyesoma sikumsikiliza.

Dawa yake ni kulegeza nati moja, kuirudisha skrubu nyuma kwa robo ya mzunguko, kupima, na kuikaza nati tena. Kwa mkono wangu ilichukua dakika kumi na tano. Tulibahatika kwamba vali haikuungua, kwani ingeendelea kutumika hali ile, moto ungeila ukingo wake, na hapo ingebidi kichwa kifunguliwe.

Sasa nairudia ile plagi isiyokazwa. Chini ya kiti, pamoja na spana zake, tulikuta chupa ndogo ya oili iliyobaki nusu na kitambaa safi kilichokunjwa. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu anayeilaza mashine akikusudia kuirudia: humimina oili kidogo katika silinda, huizungusha injini polepole ili kuta zake zilowe, kisha hurudisha plagi kwa vidole. Kwa sababu hiyo, baada ya miaka yote ile, pistoni haikuganda wala silinda haikupata kutu. Ami aliipokea hukumu yangu kwa adabu, lakini hakuiamini. Hakunambia. Alinisitiri.

Tulipokwisha kuirudisha kila kitu mahali pake ilikuwa karibu na magharibi. Tulibadilisha oili ya injini, tukafungua koki, tukavuta choki. Kiki ya kwanza, mguu ulipata ukinzani ambao sikuupata mwaka 2011. Kiki ya pili ilikohoa. Ya tatu ikashika, ikanguruma na kutoa moshi mweupe wa ile oili iliyokuwa imebaki ndani, kisha moshi ukakatika na sauti ikatulia. Bi Mkubwa alitoka jikoni na unga mikononi. Alisimama mlangoni kwa kitambo. Hatukujua tuseme nini, na yeye hakusema juu ya hayo tuliyokuwa tukiyafikiri. Alisema, "Mkimaliza fungeni koki. Mwenyewe alikuwa akiifunga kila usiku." Akarudi ndani.

Kuwaka si kutembea, na hili nalisema kwa vijana ambao wamekwisha kuanza kugombania zamu. Mipira ya magurudumu ni ya zamani na imepasuka ubavuni, itabadilishwa. Viatu vya breki vitatazamwa. Kwa sheria ya hapa, tangu Mei 2018 chombo kilichopita miaka arubaini na ambacho hakikubadilishwa sana hakilazimiki kupimwa kila mwaka, lakini sheria haikumwondolea mwenyewe wajibu wa kuhakikisha kwamba ni salama, na bima ni lazima. Karatasi zote ni za jina la marehemu na zinashughulikiwa.

Kuhusu kuiuza, Bi Mkubwa amekwisha kutoa jawabu lake kwa Mwenyekiti, nami sina la kuongeza.

Imeletwa leo kwa gari, iko ua wa nyuma, upande wa jikoni. Baada ya sala ya alasiri nitaifungua plagi mbele ya yeyote anayetaka kujifunza kuisoma, na spana ya plagi ninayo mfukoni. Atakayepiga kiki avae viatu, asije na makubazi. Na atakayekuwa wa mwisho, tafadhali, aifunge koki.